WATORO, REHANI NA WAASI

Uasi wa watumwa katika riwaya za historia, na maana yake kwetu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wakimbizi wa kambi yetu, Rusizi, kwenye Siku ya Kimataifa ya Kukumbuka Biashara ya Utumwa na Kukomeshwa Kwake, tarehe 23 Agosti)

 

Kamati ilipotuomba sisi walimu tuseme neno siku ya leo, ilitupa nusu saa na sharti moja, kwamba tusiwachoshe watu kwa tarehe. Tumekubali. Lakini tarehe moja hatuna budi kuitaja, maana bila hiyo tusingekusanyika hapa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 1791, watumwa wa mashamba ya miwa katika koloni la Ufaransa lililoitwa Saint-Domingue waliinuka wakachoma mashamba na viwanda vya sukari. Vita vyao viliendelea zaidi ya miaka kumi na miwili, na tarehe 1 Januari 1804 nchi hiyo ikatangaza uhuru wake kwa jina la Haiti. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, ulipotafuta siku ya kukumbuka biashara ya utumwa, ulichagua usiku huo. Ungeweza kuchagua siku mfalme fulani alipotia sahihi sheria, ukachagua usiku ambao watumwa wenyewe walisema basi.

Jambo hilo ndilo tunalotaka kulizungumzia leo. Mtumwa alipigania utu wake namna gani? Na kwa nini habari hizo tunazisoma zaidi katika riwaya kuliko katika vitabu vya historia?

Kwa nini riwaya?

Sisi tuliosoma chuo cha ualimu tulifundishwa historia ya utumwa kwa majina ya watu wakubwa. Tulikariri Livingstone, Stanley, Kardinali Lavigerie, Tippu Tip, Rumaliza. Tulijua njia za misafara kutoka Kasongo na Nyangwe hadi Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Tulijua kwamba tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wa msafara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja sokoni Nyangwe, na mamia wakafa kwa risasi na kwa maji ya mto. Ila jina la mwanamke hata mmoja wa soko lile hatukufundishwa, kwa sababu hakuna aliyeliandika.

Tippu Tip mwenyewe alituachia maisha yake kwa Kiswahili, na ni kitabu ambacho kila anayependa lugha hii anapaswa kukisoma. Ndani yake mnaelezwa pembe ngapi zilipatikana, vita gani vilipiganwa, nani alimdai nani. Wale waliobeba pembe hizo wanapita katika kurasa zake kama mvua inavyopita juu ya turubai: mnasikia kishindo, tone moja moja hamlioni. Walioandika ni mabwana, wafanyabiashara, wamisionari na maofisa. Mtumwa aliandikwa na wengine, kama mali, au kama mtu wa kuonewa huruma.

Hapo ndipo mwandishi wa riwaya anapoingia. Anachukua mambo yanayojulikana, yaani njia, bei, sheria, miaka, kisha anauliza swali ambalo daftari la mfanyabiashara haliulizi: huyu aliyebeba mzigo alikuwa anawaza nini? Jibu lake ni la kubuni, na lazima tulisome tukijua hivyo. Lakini swali si la kubuni.

Maneno tuliyorithi

Kabla ya kufungua vitabu, tuangalie kwanza midomo yetu. Kiswahili hiki tunachosemea hapa, ambacho Mshi, Mfuliiru, Mbembe, Mrega na Mnyamulenge wanaelewana kwacho kwenye foleni ya maji, kilifika Maniema na Kivu pamoja na misafara hiyohiyo. Wazee wetu wakakiita Kingwana, lugha ya Wangwana, yaani waungwana, watu wasio watumwa. Hivyo hata neno tunalotumia kumsifu mtu mwenye adabu, "muungwana", lilikuwa kwanza neno la kumtenga na mtumwa.

Mtumwa ni mtu anayetumwa. Neno lenyewe linasema kwamba nia si yake. Aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga. Aliyezaliwa utumwani aliitwa mzalia. Aliyetolewa kwa ajili ya deni aliitwa rehani. Na aliyekimbia aliitwa mtoro. Leo sisi walimu tunamwita mtoro mtoto anayekosa darasa, wala hatukumbuki kwamba neno hilo liliwahi kuwa na mbwa na bunduki nyuma yake. Kwa bwana, mtoro alikuwa mwizi aliyejiiba mwenyewe. Kwa mtoro mwenyewe, ilikuwa siku ya kwanza ya kujituma.

Watoro hawa hawakuwa wachache. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya miwa ya Kikogwe, karibu na Pangani katika Tanzania ya leo, waliasi, wakajenga makazi yao Makorora, na mabwana zao walishindwa kuwarudisha. Huko Witu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, Sultani Ahmad aliyeitwa Simba aliwapokea watoro wakawa raia na askari wake. Nyuma ya Mombasa na Malindi kulikuwa na Fuladoyo, kijiji cha watoro chini ya Mkristo aitwaye David Koi. Mwaka 1883 kilishambuliwa na Koi akauawa. Wengine walijificha katika misheni ya Rabai, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni nyingine walipewa hati za uhuru baada ya Kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana zao fidia. Ninyi mliosimama foleni kutafuta karatasi yenye jina lenu mtaelewa siku ile ilikuwaje. Lakini tukumbuke mpangilio wa mambo: walikimbia kwanza, karatasi ikawafuata. Wasingekimbia, hakuna ambaye angelipa fidia yoyote.

Kitabu cha kwanza: uhuru kama zawadi

Sasa tufungue vitabu. Cha kwanza ni "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Wazee waliosoma shule za zamani upande wa Kenya na Tanganyika wanakijua. Ni historia iliyosimuliwa kama hadithi. Baba yake mwandishi alikuwa mmoja wa waliokamatwa, wakapakiwa jahazini, kisha wakaokolewa na manowari ya Waingereza na kuwekwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mahali hapo hadi leo panaitwa Kengeleni, kwa ajili ya kengele ya wale waliokombolewa.

Kitabu hiki ni hazina, maana mtoto anasimulia aliyoyasikia kwa baba. Mateso ya njiani yameelezwa kwa namna ambayo msomaji hawezi kuyasahau. Lakini ukimaliza, unabaki na picha moja: mtumwa amefungwa, Mwingereza anakuja, mtumwa anafunguliwa, mtumwa anashukuru. Watoro wa Fuladoyo, waliokuwa safari ya siku chache tu kutoka Freretown, hawana nafasi kubwa katika picha hiyo. Uhuru umekuja kama zawadi.

Hatumlaumu Mbotela. Mtoto ambaye baba yake alitolewa kwenye jahazi na watu fulani ana haki ya kuwashukuru watu hao. Sisi pia, ndugu wafanyakazi wa mashirika, tuna ya kuwashukuru, na tunawashukuru. Maji, dawa, turubai, chaki, hatujavisahau. Ila tunasema hivi kwa heshima yote: historia inayomaliza kazi yake kwenye shukrani inamwacha aliyeokolewa bila historia yake mwenyewe. Alifanya nini kabla ya meli kufika? Alimshika nani mkono gizani? Nani alikataa kula, nani alimfundisha mtoto jina la kijiji chake ili asilipoteze?

Kitabu cha pili: minyororo ya moyoni

Mwaka 1978 Adam Shafi wa Zanzibar alitoa riwaya "Kasri ya Mwinyi Fuad". Sheria ilifuta utumwa Zanzibar tarehe 6 Aprili 1897, lakini riwaya hii inahusu miaka ya kabla tu ya Mapinduzi ya Januari 1964, na ndani ya kasri bado kuna bwana na bado kuna watu wake. Yuko bibi mmoja, Kijakazi. Jina lake peke yake linatosha kueleza maisha yake. Amemtumikia Fuad tangu alipokuwa mtoto, anatukanwa, anachoka, na bado anampenda bwana wake kama mtu anavyopenda nyumba aliyozaliwa. Vijana wa shamba hilohilo, Vuai na Mkongwe, wanachukua njia nyingine, njia ya kutoka na kuungana na wenzao.

Tulipoisoma habari hii darasani, wanafunzi walimcheka Kijakazi. Mama mmoja mzee aliyekuwa amekuja kumchukua mjukuu wake akawaambia, "Msimcheke. Mtu akikulisha tangu utotoni, hata kwa makombo, tumbo lako linajifunza kumwogopa." Darasa lilinyamaza. Tangu siku ile tunaona kwamba Adam Shafi ameandika jambo gumu kuliko mapigano. Uasi wa kwanza unatakiwa ndani ya mtu mwenyewe, na wengine hawaufikii hata milango ikifunguliwa, na wanastahili huruma yetu kama wengine wote.

Kitabu cha tatu: rehani

Cha tatu ndicho tulichokaa nacho muda mrefu zaidi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi alikimbilia Uingereza akiwa kijana. Mwaka 1994 alitoa riwaya kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka 2022 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili kwa jina "Peponi", kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tunawaomba wanafunzi wakumbuke hilo: mshindi wa Nobel, mwana wa pwani ya lugha yetu, alipata kuwa mkimbizi.

Habari ni ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, kabla ya Vita Kuu vya 1914. Baba yake anadaiwa na tajiri Aziz. Siku moja mtoto anaambiwa anasafiri na "ami" yake. Ni Khalil, kijana aliyemtangulia katika duka la tajiri, anayemweleza ukweli: huyo si ami yako, wewe ni rehani. Baadaye Yusuf anafuatana na msafara wa biashara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wetu, na mambo yanamharibikia tajiri huko.

Katika bustani ya tajiri kuna mzee anayeitwa Hamdani. Ni mtumwa wa zamani, alitolewa kama zawadi ya arusi. Bibi yake alitaka kumpa uhuru, naye akakataa, akaendelea kupalilia miti yake. Yusuf hamwelewi. Mzee anamweleza kwa maana hii: huyo bibi aliupata wapi uhuru wangu hata akanipa? Wanaweza kukufunga, kukupiga, kukutuma. Lakini uhuru si kitu walichowahi kukuchukulia mfukoni, basi hawawezi kuurudisha mkononi mwako.

Ndugu zetu, mjadala tulioupata darasani juu ya mzee huyu ulichukua jioni tatu. Wengine walisema ndiye mwasi mkubwa kuliko wote, maana amemnyima bwana hata furaha ya kusamehe. Wengine walisema ni maneno matamu ya mtu aliyeogopa lango, na bustani ikabaki ya tajiri. Sisi walimu hatukutoa hukumu, maana tunaona ukweli pande zote mbili. Mzee Hamdani amejua kwamba uhuru hautolewi kama posho. Lakini Yusuf ni kijana, na kijana hawezi kuishi kwa kupalilia bustani ya mwingine huku akijiambia kwamba moyoni yu huru.

Yuko pia Amina, aliyelelewa na nyumba ya Khalil kama dada yake, kisha akawa mke wa tajiri. Khalil anabaki dukani kwa ajili yake. Wanawake wa riwaya hizi mara nyingi hawana pa kukimbilia, na tunawaomba vijana wa kiume walione hilo. Mtoro mwenye mtoto mgongoni hakimbii kama mtoro mwenye mikono mitupu. Uasi wake unakuwa wa namna nyingine. Huku kwetu Kongo alikuwako mwanamke Mluba wa Katanga, Bwanikwa, ambaye habari zake ziliandikwa na mmisionari Dugald Campbell mwaka 1916. Aligeuzwa mtumwa mara kumi, akapita mkono kwa mkono, akatoroka, akakamatwa, mwishowe akajikomboa kwa mali ya jasho lake mwenyewe. Huyo si wa riwaya. Bado hatujaona riwaya yake kwa Kiswahili, na tunamngoja msichana wa kambi hii aiandike.

Mlango uliokuwa wazi

Sasa tunafika mahali pagumu, na ndipo palipotufanya tuchague mada hii.

Mwisho wa "Peponi" kikosi cha askari wa Wajerumani kinapita mjini, kikiwakamata watu. Yusuf na Khalil wanajificha dukani. Kikosi kinapoondoka, Yusuf anatazama alichokiacha nyuma, anatazama bustani na duka, kisha anatoka mbio kukifuata kikosi. Ameacha kuwa rehani. Amekwenda kuwa askari wa Mjerumani.

Mwaka jana mvulana mmoja wa darasa letu aliondoka. Aliacha daftari lake chini ya godoro, ndani yake hesabu alizokuwa hajamaliza. Mtu fulani alikuwa amemwambia maneno kuhusu ukombozi na heshima, na kuhusu bunduki ambayo ingemfanya asidharauliwe tena. Mama yake alikuja shuleni akatuuliza kama tuliona dalili yoyote. Tuliziona. Alikuwa ameacha kuuliza maswali, naye ndiye aliyekuwa muulizaji mkubwa. Tulidhani amechoka tu. Hilo ni kosa letu, na tunalikiri mbele yenu.

Baada ya hapo tulirudia kurasa za mwisho za kitabu, wanafunzi wakiwa kimya. Tukawauliza: Yusuf ameasi, au ametekwa? Msichana mmoja akajibu, "Mwalimu, kama kungekuwa na mlango mwingine, angeingia huo."

Historia yenyewe ya nchi yetu inathibitisha hofu hii. Jeshi la Mfalme Leopold, Force Publique, lilijazwa watu wengi "waliokombolewa" kutoka kwa wafanyabiashara wa utumwa, kisha bila kuulizwa wakavikwa sare. Walifunguliwa mnyororo mmoja wakafungwa mwingine. Ndipo wakaasi: Luluabourg mwaka 1895, kisha katika msafara wa Dhanis tarehe 14 Februari 1897 kule Ndirfi, halafu Shinkakasa mwaka 1900. Historia inauita uasi wa Batetela, ingawa waasi walikuwa wa makabila mengi. Majina ya Kandolo na Mulamba tuliyasikia shuleni kama mashujaa. Na waasi wa 1897 walisonga mashariki hadi nchi ya Kivu na bonde la mto Rusizi huu tunaouona kutoka mlimani. Maofisa wa Leopold, ambao mwaka 1896 walikuwa wamepigana vita hapa Shangi na jeshi la Rwanda na kulishinda, walijikuta wanaacha vituo vyao upande huu. Wajerumani wakaweka vyao, na mpaka wa mto na ziwa ukathibitishwa mwaka 1910. Kwa hiyo hata mpaka tuliouvuka na vifurushi kichwani una alama ya watu waliokuwa watumwa, wakawa askari, wakawa waasi.

Lakini tuseme yote. Waasi hao walipopita, vijiji havikupumua. Walihitaji chakula, wapagazi na wanawake, wakachukua. Ameinuka mtumwa, na mwanakijiji asiye na bunduki hakuona tofauti.

Mwandishi wa Kuba, Alejo Carpentier, aliliona jambo hilohilo huko Haiti katika riwaya yake ya mwaka 1949, inayojulikana kwa Kifaransa kama "Le Royaume de ce monde". Ti Noël, mtumwa aliyeishi kuuona uasi mkubwa, anarudi mzee katika nchi huru, na huko anakamatwa abebeshwe matofali kupandisha mlimani, kujenga ngome ya Mfalme Christophe, mtu mweusi kama yeye. Kiboko kimebadilisha mkono. Carpentier hasemi kwamba watumwa wangekaa kimya. Anasema kazi ya kujikomboa haimalizwi siku bwana anapokimbia, na anayekuahidi bunduki leo mwulize matofali yatabebwa na nani kesho.

Uasi usio na bunduki

Basi vijana mtatuuliza: mwalimu, unatuambia tukae? Hapana. Someni tena riwaya hizi, mtaona kwamba uasi mwingi wa watumwa haukuwa na bunduki hata moja, nao haukuwa mdogo. Wengi wenu mmeona filamu ya "Racines", iliyotokana na kitabu cha Alex Haley cha mwaka 1976. Kunta Kinte alitoroka mara nne, wakamkata mguu. Lakini kilichowasumbua zaidi mabwana zake ni kwamba alikataa jina walilompa, akamfundisha binti yake maneno ya kwao.

Uasi wa mtumwa ulikuwa kukumbuka jina la kijiji, na kuwafundisha watoto usiku. Ulikuwa kufanya kazi polepole, kujifanya hujasikia, kutunga wimbo ambao bwana anaucheza bila kujua unamsema yeye. Ulikuwa pia kujenga Makorora na kuishi humo kwa sheria zenu wenyewe.

Kwetu hapa kuna utumwa wa siku hizi, tusijidanganye. Wote tunajua maana ya kuweka kadi ya posho dukani kwa ajili ya deni. Tunajua msichana mmoja aliyeondolewa darasani akiwa na miaka kumi na minne kwenda kutumika katika nyumba ya mdai, "mpaka deni liishe". Aliitwa kwa neno la undugu, kama Yusuf alivyoambiwa aite tajiri "ami". Hakuna aliyelitaja neno rehani, lakini kitu chenyewe kilikuwa kilekile. Alirudi, tunamshukuru Mungu, kwa sababu kina mama wa mtaa wake walichanga kidogo kidogo wakalipa, wala hawakungoja mtu wa kuwaokoa. Na tunasikia maneno ya kazi nzuri katika nchi za mbali, na pasipoti ambayo "mwajiri ataitunza". Aliyesoma "Peponi" akisikia hayo, masikio yake yanasimama.

Maombi yetu matatu

Tunamalizia kwa maombi matatu.

Kwa wazazi: msiwatoe watoto kwa deni, hata kwa ndugu. Deni likiwazidi, njooni kwa Kamati kabla ya kwenda kwa mdai. Na mtoto akiacha kuuliza maswali, tuambieni, nasi tukiona tutawaambia.

Kwa wenzetu wa mashirika: tunahitaji vitabu vya hadithi kwa Kiswahili na Kifaransa. Nakala ya "Peponi" tuliyo nayo ni moja, imesomwa na watu zaidi ya arobaini na jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Na tunahitaji masomo ya vijana waliopita umri wa shule ya msingi, yawe ya ufundi au ya sekondari. Yule msichana alisema kama kungekuwa na mlango mwingine. Mlango huo ndio tunaouomba, na tuko tayari kuujenga pamoja nanyi kwa mikono yetu, maana walimu tunao, na maseremala wako.

Kwa wazee na vijana: tuandike. Tumeanza kukusanya, katika madaftari ya kawaida, masimulizi ya wazee waliosikia kwa babu zao habari za misafara, za Kasongo na Nyangwe, za waliouzwa na waliotoroka. Tayari tuna madaftari saba. Yakiliwa na mchwa, wajukuu wetu watasoma tena kwamba tulipita kama mvua juu ya turubai. Kila Jumamosi alasiri tunakaa chini ya mwavumo wa shule. Mwenye habari aje, na asiyejua kuandika tutamwandikia kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyasahihisha.

Na yule mvulana wetu, daftari lake tumelitunza. Hesabu zake bado zinamngoja.